Parkingi ni sawa, lakini mutuachie na muti

Ukipita mu Shari saa saba ya muchana, mwezi wa kwanza, wakati kiangazi imekaza, utaona mambo yenye tunataka kuzungumuza leo. Magazini mupya imejengwa, ghorofa moja ao mbili, vioo vya buluu mbele, bango kubwa juu. Mbele yake kuko kiwanja cha sima tupu. Mu kile kiwanja gari moja imesimama, pengine mbili. Mamotari wenye kungojea wateja hawako pale. Wako upande wa pili wa barabara, chini ya muti mumoja wenye ulibakia mu parseli ya jirani. Mama wa ndizi, kijana wa kuuza unite, mwenye kubadilisha pesa na meza yake ndogo, wote wamejibana mule. Muteja akitoka mu magazini na muzigo ku kichwa, anavuka barabara kati ya makamio na pikipiki, juu ya kufuata motari kwenye kivuli.

Pale mbele ya magazini kulikuwaka muti. Ulikatwa siku mafundi walileta sima. Watu wakauliza sababu, wakajibiwa: ni juu ya parkingi. Hakuna mutu aliongeza neno. Parkingi ni neno lenye kufunga kinywa, kwa sababu kila mutu anajua namna barabara zetu zimejaa.

Sisi wakaaji wa Shari hatukatae parkingi. Tunaona kila siku kamio yenye kushusha masaki ya unga katikati ya njia, na watoto wa masomo wanapita mu matope ya pembeni juu hawana mahali pengine pa kukanyaga. Mwenye kujenga nyumba ya biashara anapaswa kuwaza mahali wateja wake watasimama. Lakini tunasema hivi: parkingi na muti si maadui. Muji wa Bunia na komine zake wanaweza kuandika kanuni moja fupi yenye kuomba vyote viwili. Na inafaa iandikwe sasa, mbele sima haijafunika kila kitu.

Muji umekua mbio kuliko kanuni zake

Bunia ya leo si ile ya miaka makumi mbili iliyopita. Wenye walikuwa hapa mu 2003, wakati wa vita na wakati askari wa Ulaya walikuja na operesheni Artemis, wanakumbuka muji wenye maduka yalifungwa na njia tupu. Kisha amani ikarudi kidogo kidogo. Mu 2015 Ituri ikakuwa provense, na Bunia ikakuwa kichwa chake. Ofisi zikaja, mashirika yakaja, benki zikaja. Tangu mwisho wa 2017, machafuko ya Djugu na ya maeneo mengine yakasukuma maelfu ya ndugu zetu kuelekea muji. Wengine wangali mu kambi kama vile Kigonze. Muji wenye kupokea watu wengi hivi unahitaji maduka mengi, na maduka yamejengwa.

Bidhaa zinaingia kwa njia tatu. Kuko njia ya taifa namba 27, yenye kutoka Uganda kupitia Mahagi. Kuko ziwa Albert, na bandari za Kasenyi na Tchomia. Na kuko njia ya Komanda, yenye kutuunga na Beni na Butembo kusini, na Kisangani magharibi. Zote tatu zinamaliza mu muji wetu, na kila kamio inatafuta depo. Basi parseli yenye ilikuwa ya kulala, na avoka yake na jiko nyuma, inauzwa ao inapangishwa, na kisha miezi sita imegeuka depo ya sima, ya bia ao ya mabati. Hakuna ubaya. Biashara inalisha watoto. Lakini parseli ya kulala ilikuwa na udongo wenye kunywa maji na muti wenye kuleta kivuli. Depo yenye kuchukua nafasi yake haina kimoja wala kingine, na haina hata parkingi ya kweli.

Kanuni ziko? Ziko, lakini ziko mbali na parseli. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema mu artikle 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake. Katiba ya 2006 nayo, mu artikle 53 pia, inasema kila mutu ana haki ya mazingira yenye afya, na tena ana lazima ya kuyatetea. Namba ni moja mu vitabu viwili, na watu wengi hawajui hata kimoja. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekteri na sheferi inaachia komine kazi ya kuangalia barabara zake na masoko yake. Lakini mutu akiomba ruhusa ya kujenga, tunaona anaulizwa plani ya nyumba, anaulizwa pesa, anaulizwa vyoo viko wapi. Kiwanja cha mbele, kati ya ukuta na barabara, hakina mwenye kukiuliza. Na njo pale maisha ya muji inapitia.

Tuhesabu pamoja

Wafanyabiashara wanapenda hesabu, basi tuhesabu.

Gari ndogo yenye kusimama inakula metre 2 na nusu kwa metre 5, ni kusema metre karé 12 na nusu. Ukiongeza nafasi ya kuingia na kugeuka, unafika karibu metre karé 25 kwa gari moja. Pikipiki inakula metre 2 kwa metre 1. Pale gari moja inasimama, pikipiki sita zinasimama. Sasa simama ku mulango wa magazini yoyote mu Shari saa moja tu, hesabu wateja. Wangapi walikuja na gari yao? Wangapi walishuka ku pikipiki? Wangapi walikuja na miguu? Kila mukaaji wa hapa anajua jibu bila kuhesabu. Lakini viwanja vyetu vya mbele vinachorwa kama vile kila muteja ana gari, na motari mwenye kuleta wateja wengi anafukuzwa na mulinzi: «Toka hapa, ni parkingi ya magari.»

Tuendelee. Chukua parseli ya metre 20 kwa metre 30, ni metre karé 600. Nusu ni nyumba, nusu ni kiwanja cha sima. Mvua moja kali ya milimetre 40 ikinyesha, kila metre karé inapata litre 40. Juu ya bati na sima ya ile parseli, ni litre 24.000. Ni bido 1.200 za litre 20, zenye kutoka kwa parseli moja mu mvua moja, na hakuna tone lenye kuingia mu udongo. Zinaenda wapi? Zinaenda mu kanivo, kama kanivo iko na haijajaa machupa na masashe. Kama haiko, zinaenda kwa jirani wa chini. Kisha zinachimba avenyu, zinaangusha ukuta wa mujane fulani, na zinafika Nyamukau ao mu muto Shari wenye jina moja na komine yetu, zikibeba udongo mwekundu wenye tulihitaji.

Sasa tuachie ile parseli kipande kimoja cha udongo mbele, upana metre 2, urefu metre 15, tukitoa metre 5 za mulango wa gari. Ni metre karé 30 tu. Tukichimba kile kipande kikuwe chini kuliko sima, shimo la sentimetre 30, maji ya kiwanja yataingia pale mbele ya kutoka njiani. Kinabeba litre 9.000, ni bido 450, na udongo unaendelea kunywa wakati mvua inanyesha. Zaidi ya sehemu moja juu ya tatu ya maji yote imebakia mu parseli. Mu kile kipande panda miti mitatu. Mwenye magazini amepoteza nini? Nafasi ya gari moja, pengine mbili. Amepata nini? Kivuli cha wateja, ukuta wa jirani wenye kusimama, na vumbi kidogo juu ya bidhaa zake. Mwenye kuuza nguo ao simu anajua vumbi inamukulia pesa ngapi kila kiangazi.

Hatuseme muti ni dawa ya kila kitu. Muti hautatengeneza kanivo yenye haiko. Lakini kati ya kiwanja chenye kusukuma bido 1.200 njiani na kile chenye kusukuma 750, jirani wa chini anajua tofauti.

Wengine walipitia wapi

Hatuko wa kwanza mu mambo haya. Kule Marekani, miaka mingi, miji iliandika kwamba kila duka linapaswa kuwa na hesabu fulani ya nafasi za magari, hata kama hazijae. Matokeo ni viwanja vikubwa vya lami vyenye kukaa tupu, na maduka yenye kuwa mbali na watu wa miguu. Profesa mumoja wa Los Angeles, Donald Shoup, akaandika kitabu kikubwa mu 2005 cha kuonyesha kwamba parkingi ya bure inalipwa na kila mutu, hata mwenye hana gari, kwa sababu bei yake inaingia mu bei ya bidhaa. Muji wa Buffalo mu 2017 ukaondoa ile lazima mu muji wote, na miji mingine ikafuata. Ni kusema wenye walianzisha ile kanuni sasa wanaivunja. Sisi tusiichukue leo kama nguo ya mitumba yenye mwenyewe ameshatupa.

Karibu na sisi, Kigali mu 2015 ilifunga njia moja ya katikati ya muji kwa magari na kuiachia watu wa miguu. Baadaye wakaitengeneza na miti na viti. Wafanyabiashara wa mahali pengi wanaogopa kwamba bila gari mulangoni muteja hatakuja. Lakini muteja wa miguu anasimama, anaangalia, anaingia. Mwenye gari anapita.

Nairobi nayo, mu 2020, wakati walijenga barabara kubwa ya juu, muti mukubwa wa mugumo ulikuwa mu njia pale Waiyaki Way. Watu wakapiga kelele, na serikali ikaamua muti ubakie. Barabara ilijengwa, muti uko.

Na Kinshasa? Wenye walijua Boulevard du 30 Juin ya zamani wanakumbuka miti yake mikubwa. Karibu 2008 na 2009, wakati wa kupanua njia, miti ile ilikatwa. Boulevard imekuwa pana kweli. Lakini uulize mutu mwenye kutembea pale na miguu saa sita ya muchana, atakuambia kitu gani kilipotea. Muti wa miaka 50 unakatwa kwa nusu ya siku. Kuurudisha inaomba miaka 50, hakuna bajeti yenye kufupisha.

Tunajua majibu yenye tutapewa

La kwanza: «Watu wanakufa mu vijiji, ninyi munahesabu miti?» Ndugu, tunajua. Tangu tarehe 6 Mei 2021 provense yetu iko mu etat de siège, na wengi kati yetu wamezika watu. Lakini vita haikuzuia sima. Nyumba za biashara zinajengwa kila mwezi, na nyumba yenye kujengwa leo itasimama miaka 40. Kama tunangojea amani kamili juu ya kuandika kanuni, tutaikuta amani mu muji wenye hauna mahali pa kupanda hata ua moja. Tena wenye walikimbilia hapa njo wenye kuuza ndizi na mandazi pembeni ya njia. Kivuli ni chao mbele ya kuwa cha mwenye gari.

La pili: «Parseli ni yangu, nilinunua, niko na karatasi.» Ndiyo, uko na haki juu ya parseli yako, na hakuna mutu mwenye kutaka kuichukua. Lakini maji yenye kutoka kwako si yako peke yako yakifika kwa jirani. Na kile kipande kati ya ukuta wako na barabara, chenye ulimwagia sima na kuweka minyororo, mara nyingi si cha parseli yako hata kidogo. Ni cha barabara. Ni njia ya watoto wetu.

La tatu: «Miti inaleta wezi, inaficha bango, majani inajaza kanivo.» Kuko ukweli ndani. Kwa hiyo hatuombe kaliptusi. Kaliptusi inakunywa maji mingi na matawi yake inaanguka wakati wa upepo. Hatuombe avoka ao maembe juu ya magari, kwani tunda likianguka juu ya kioo kutakuwa kesi. Kuko terminalia yenye kupanua matawi kama parasoli. Kuko grevilea yenye kupanda wima. Ukikata matawi ya chini mpaka metre 2 na nusu, bango linaonekana, mulinzi anaona, muteja anapita. Kuhusu majani, mwenye magazini atafagia, sawa vile anapaswa kufagia mambo mengine. Siku ya salongo tunatoa nini mu kanivo? Majani kidogo, masashe na machupa mingi.

La ine njo lenye kutuumiza kichwa kuliko yote, na tunalisema wazi: «Mukiandika kanuni mupya, mumetengeneza mulango mupya wa kula pesa.» Mutu wa biashara mu muji wetu anajua maana. Leo anakuja mumoja na karatasi ya taksi, kesho mwingine na karatasi ya mazingira, kesho kutwa wa tatu anasema parkingi yako haina kipimo. Kanuni yenye maneno mingi na vipimo vyenye kila ofisi inasoma kwa namna yake itakuwa silaha. Muti utapandwa siku ya kuangaliwa, kisha utakauka, na bahasha itapita. Kama kanuni yetu itakuwa vile, ni heri isiandikwe.

Tunajibu hivi: kanuni iwe fupi, mutu mwenye kusoma darasa la sita aweze kuipima yeye mwenyewe na kamba ya metre. Ibandikwe ku mulango wa kila ofisi ya komine, mu Kifaransa na mu Kiswahili. Iangaliwe mara mbili tu: siku ya kutoa ruhusa ya kujenga, na siku nyumba inamalizika. Kisha hapo, hakuna mutu wa kurudi kila juma. Kama kuko malipizi, bei iwe imeandikwa na ilipwe ku benki, si mu mukono. Na mwenye kufuata kanuni apewe karatasi moja ya kuonyesha wote.

Kanuni yenye tunaomba

Ingeweza kuingia ku ukurasa mumoja. Tunaitoa hapa kama watu wa kawaida. Watu wa urbanisme wataisahihisha.

Ya kwanza, tuanze na miguu. Mbele ya kila nyumba ya biashara, njia ya metre 1 na nusu ibakie wazi kwa wenye kutembea. Hakuna gari, hakuna nguzo, hakuna masaki ya sima juu yake.

Ya pili, pikipiki mbele ya gari. Kila magazini itenge mahali pa pikipiki, na mamotari wasifukuzwe pale. Butike ndogo, yenye haipite metre karé 100, isiombwe nafasi ya gari hata moja. Ukiomba mama mwenye butike ya chumvi na sabuni atengeneze parkingi, umemufungia biashara.

Ya tatu, depo ishushe ndani. Mwenye kupokea makamio achore mu plani yake mahali kamio itaingia na kutoka. Kama parseli yake ni ndogo, depo itafute parseli ingine. Barabara si kiwanja cha depo.

Ya ine, muti mumoja kwa kila nafasi ine za gari, na isipungue miti miwili kwa parseli ya biashara yenye kiwanja mbele. Kila muti uachiwe shimo la udongo la metre 1 na nusu kwa metre 1 na nusu, bila sima. Mwenye kupanda muti mu bido yenye kukatwa na kuuzungushia sima hajapanda kitu.

Ya tano, maji ibakie kwa mwenyewe. Sehemu moja juu ya kumi ya kiwanja ikuwe udongo, majani ao mawe yenye kuachia maji kupita, na ikuwe chini kuliko sima.

Ya sita, muti wa zamani usikatwe bila komine kuja kuuona. Kama haiwezekane kujenga bila kuukata, mwenyewe apande mitatu na aichunge miaka miwili.

Ya saba, wauzaji wa chini wasisahauliwe. Tunajua kila mara muji ukisema «usafi», mama mwenye beseni ya ndizi njo wa kwanza kupigwa. Kivuli kipya kisiwe sababu ya kumufukuza. Komine ikubaliane na wenye mamagazini na wauzaji wenyewe juu ya mahali watakaa, mbele muti haujaota.

Mutaona hatujasema kitu juu ya nyumba zenye zilishajengwa. Hatutaki mutu avunje sima yake kesho. Lakini siku atarekebisha mbele ya nyumba, siku ataongeza ghorofa, kanuni imukute pale.

Nani aanze?

Bwana meya na baburugumestre wa komine zote tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, wanaweza kuanza bila kungojea Kinshasa. Kwanza wanaweza kuita siku moja wafanyabiashara, mamotari, mama wa masoko, wachefu wa kartie na watu wa urbanisme ku meza moja. Wasiite wakubwa peke yao. Motari anajua mahali ajali zinatokea kuliko mwenye kuchora plani. Kisha wachague avenyu moja tu ya biashara ikuwe mufano. Kama ile avenyu inaonekana muzuri kisha mvua mbili, wafanyabiashara wa avenyu ingine wenyewe watauliza.

Na Serikali ianze na nyumba zake. Kuko viwanja mbele ya ofisi za umma vyenye vimekauka kuliko vya wafanyabiashara. Mutu atakubali vipi kupanda muti mbele ya magazini, wakati ofisi yenye kumuomba muti haina hata mumoja?

Sisi nasi, wakaaji, tuko na sehemu yetu. Mutoto akivunja tawi ya muti wa magazini, ni wetu. Sashe yenye kuziba kanivo ilitoka mu mukono wetu. Na wateja wako na nguvu: ukipata magazini mbili zenye bei moja, nenda kwa yenye kukuachia njia ya kutembea na kivuli cha kungojea pikipiki, na umuambie mwenyewe kwa nini ulimuchagua.

Mvua itarudi mwezi wa tatu. Ni wakati wa kupanda, juu muti wenye kupandwa mu kiangazi unakufa. Kati ya leo na ile siku kuko muda wa kutosha wa kuandika ukurasa mumoja, kuchimba mashimo, na kuleta mbegu. Wenye kujenga sasa hivi mu Shari, fundi akikuja na sima, mumuambie tu aache mashimo mawili mbele.